Haili Umeme Hata Kidogo

Wanjugu alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hauna dawa hospitalini: akisikia Kiswahili kimekosewa, ulimi ulimwasha mpaka akisahihishe. Alisahihisha watu kanisani, alisahihisha kadi za harusi, na Jumapili moja alimkatiza mzee Symphorien katikati ya ushuhuda. Mzee wa watu alikuwa anasimulia jinsi Mungu alivyomponya figo, Wanjugu akamwambia husemi "batoto", unasema "watoto". Watu walicheka, mzee mwenyewe akacheka, lakini tangu siku hiyo hakutoa ushuhuda tena.

Nyani haoni kundule. Wanjugu mwenyewe ni mtu wa Kinangop, kule kwenye baridi na viazi, na utotoni mwake Kiswahili kilikuwa cha mwalimu na cha mgeni. Akiwa na Wakenya wenzake husema "hiyo kiti" na "kitabu yangu" bila kupepesa macho, na Mtanzania akikaribia hujifanya ana mafua. Lakini hapa Sydney, katikati ya Wakongomani waliotoka Kivu wakapitia kambi za wakimbizi, alijiona yeye ndiye mwenye lugha. Alikuwa na cheti cha ukalimani, amekitia fremu na kukitundika sebuleni juu ya televisheni, na mumewe Mwangi alishazoea kukipangusa vumbi kila Jumamosi. Siku kadhaa za wiki alihudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee pale Smithfield. Muda uliobaki alifanya kazi ya ukalimani kwa njia ya simu.

Kazi hiyo ina sheria zake, na si mbaya. Mkalimani hutafsiri yote yaliyosemwa, haongezi, hapunguzi. Simu ikikatwa, na kujuana kumekatika. Hana ruhusa ya kumtafuta mteja. Na kubwa kuliko zote, mkalimani hana "mimi". Mteja akisema mguu unaniuma, mkalimani naye husema mguu unaniuma, utadhani ni mguu wake. Akiwa na jambo lake mwenyewe, labda neno limempita, ni lazima ajitaje kama mtu mwingine: mkalimani anaomba neno hilo lielezwe. Wanjugu alizipenda sheria zote isipokuwa hiyo ya kuomba kuelezwa. Aliona ni sawa na kutangaza kwamba ile fremu ya sebuleni ni pambo tu.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ikiwa imeganda juu ya vioo vya magari, alifika kazini mapema akakaa garini akiota joto la hita. Simu ikalia. Alikuwa ofisa mmoja anayeitwa Douglas, wa shirika la kijamii la upande wa Fairfield, na kwenye laini alikuwapo pia mwanamke wa Villawood, Mama Généreuse, anayeomba msaada wa umeme.

Msaada wenyewe upo, tusiisingizie serikali. Kuna vocha za kumlipia bili mtu wa kipato kidogo aliyeelemewa, na majira ya baridi ndipo watu huzikumbuka. Ila hazichukuliwi dirishani kama tiketi ya treni. Mtu hupiga simu kwa shirika, ofisa humhoji, huipima shida yake, kisha huamua apewe nini na lini. Mmoja husaidiwa leo leo, mwingine hupangiwa siku, mwingine huambiwa pole. Kwa hiyo haitoshi kuwa na shida. Lazima uieleze ikaeleweka, na kwa asiyejua Kiingereza, shida yake inakuwa kubwa au ndogo kadiri ya ulimi wa mkalimani.

"Habari yako leo, mama?" Douglas alianza, na Wanjugu akatafsiri.

"Muzuri, baba, tunashukuru Mungu," ilijibu sauti ya mwanamke wa makamo, yenye haraka kidogo. "Ila kichwa. Tangu jana naamka kichwa kinapasuka. Na mutoto naye anaamka amelegea, hataki hata chai. Lakini muzuri tu."

Aliyelelewa na Kiswahili anajua kwamba "nzuri" ni hodi tu, habari yenyewe huja nyuma ya "ila". Hata aliyelala kitandani mahututi hujibu hajambo kwanza. Wanjugu alitafsiri yote, hodi na habari, hakuacha kitu. Douglas alikuwa mtu mwema mwenye watu wengi wa kuhoji siku hiyo. Alisema pole, mafua ni mengi mwezi huu, akaendelea na maswali yake.

Mama Généreuse alieleza kwamba anaishi na mjukuu wake Ornella, ambaye bado hajaanza shule. Mama wa mtoto yuko mbali, kwenye kiwanda cha nyama cha mji mmoja wa bara, huja mara mojamoja. Yeye mwenyewe alikuwa akisafisha maofisi ya Wetherill Park mpaka mgongo ukakataa.

"Una hita nyumbani?" Douglas akauliza.

"Ile ya ukutani niliifunga, baba. Mwaka jana ililetea mimi facture ya kunitia wazimu, siigusi tena. Sasa niko na mbabula. Niliipata juzi. Magharibi naiwasha, nafunga mulango na madirisha yote, tunaota na mutoto mpaka tunalala. Nyumba inakuwa moto muzuri! Na haikule courant hata kidogo."

Mbabula. Wanjugu hakulijua neno hilo. Alilisikia likipita, akatambua kwamba halijui, na pale pale akajipa jibu. Wakongomani hawa, alijiambia, wana jina la Kifaransa kwa kila kitu chenye waya: friji ni frigo, bili ni facture, umeme ni courant. Na hili bila shaka ni Kifaransa kilichotafunwa mpaka kikapoteza sura. Mama anaulizwa kuhusu hita, anajibu kuhusu hita. Kisha likaja hilo la mwisho, haikule courant hata kidogo. Hita gani isiyokula umeme hata kidogo? Alitaka kusema inakula kidogo, hajui kupanga maneno. Basi Wanjugu akampangia, kama alivyompangia mzee Symphorien watoto wake.

Alimwambia Douglas kwa Kiingereza kilichonyooka: "Hita ya ukutani niliizima kwa sababu ya bili. Sasa nina hita nyingine, niliipata juzi. Jioni naiwasha, nafunga mlango na madirisha yote, tunapata joto na mtoto mpaka tunalala. Nyumba inakuwa na joto zuri, na inatumia umeme kidogo sana."

"Vizuri sana," alisema Douglas, vidole vyake vikisikika vikigonga kompyuta. "Mngejua ni wangapi wanaacha madirisha wazi, joto lote linatoka nje. Mpongeze." Akaeleza kwamba kwa kuwa mama ana hita isiyo na gharama, na umeme wake haujatishiwa kukatwa, shida yake si ya dharura. Amempangia Jumatano ya wiki ijayo aje ofisini.

"Aksanti, baba," alisema Mama Généreuse. "Na wewe dada wa Kiswahili, aksanti. Unasema muzuri sana."

Wanjugu alizima gari, akaingia kazini anatabasamu.

Siku ilikwenda kama siku za pale zinavyokwenda, kuogesha, kuvisha, kulisha, kubembeleza. Alasiri alikaa na Aline kwenye chumba cha chai. Aline ni msichana wa Bukavu, mcheshi, ndiye peke yake kati ya Wakongomani ambaye Wanjugu alikuwa amechoka kumsahihisha, maana alikuwa akijibu kwa kicheko na kurudia kosa lile lile makusudi.

"Dada Wanjugu, Jumamosi mukuje kwangu na Baba Mwangi," alisema Aline. "Nimepata samaki ya kweli, si hii ya barafu. Nitawasha mbabula pale nyuma, tuchome."

Wanjugu aliyekuwa anakoroga chai aliacha kukoroga.

"Utawasha nini?"

"Mbabula." Aline aliweka kikombe chini, akaichora hewani kwa mikono yake: huku juu unatia makala, hapa chini linaanguka jivu, hapa pembeni kuna kimlango, unapepea. "Ninyi munaitaje? Jiko."

"Jiko la makaa?"

"Sasa mbabula iko ya nini tena? Ya courant tunaita réchaud."

Jiko. Mtu wa Kinangop haambiwi jiko ni nini. Wanjugu alipokuwa darasa la tano, mwezi wa saba kama huu, bwana na bibi harusi wa jirani walihamia nyumba mpya ya mawe yenye madirisha ya vioo, ya kwanza pale kijijini. Baridi ilipozidi wakaingiza jiko chumbani. Asubuhi walikutwa wamelala wamekumbatiana, nyuso zimetulia, na ilibidi mtu awaguse ndipo ijulikane. Tangu hapo mama yake Wanjugu alikuwa akilitoa jiko nje kila usiku hata kama limebaki kaa moja, kisha anapita na taa kuwatazama watoto kama wanapumua. Kama Mama Généreuse angesema jiko, Wanjugu angepiga kelele mle garini mpaka wapita njia wasimame. Lakini alisema mbabula. Kitu ni kile kile na moto ni ule ule, na Wanjugu akauita hita, akaupeleka kwa ofisa, ofisa akaupongeza.

Naamka kichwa kinapasuka. Mtoto anaamka amelegea. Haili umeme hata kidogo.

Kumbe mwanamke yule alikuwa amesema kila kitu. Alikisema waziwazi, kwa mpangilio, hakukosea hata neno moja.

Wanjugu alitazama dirishani. Jua la majira ya baridi halina subira. Lilikuwa limeshainama nyuma ya maghala, na vivuli vya miti vimefika hadi ukutani. Magharibi naiwasha, alisema. Magharibi haikuwa mbali.

Tusidanganyane, wazo la kunyamaza lilimjia. Hakuna aliyejua ila yeye. Kazi ile imeshafungwa, malipo yameshaandikwa, na sheria zenyewe zinakataza kumtafuta mteja. Akikiri, kampuni inaweza kumwondoa, na Wakongomani watapata cha kucheka mwaka mzima. Tena mama yule ameota makaa yake tangu juzi na bado yuko hai. Wazo hilo lilizungumza kwa upole sana. Wanjugu alilisikiliza kwa kitambo ambacho baadaye hakupenda kukikumbuka, kisha akasimama na kuigonga meza, chai ikamwagika.

"Aline, nishikie wazee wangu. Kuna mtu nimemkosea."

Aline alimtazama usoni, akachukua sinia ya wazee akatoka.

Wanjugu alisimama kwenye ukumbi wa nyuma, karibu na mlango wa chumba cha kufulia nguo, akapiga simu kwa kampuni ya ukalimani. Muziki ukapigwa, wa kinanda, ule usiokwisha. Hatimaye akajibu binti mmoja.

"Kama ni malalamiko juu ya mteja," alisema binti, "nitakupa anwani ya kuandikia."

"Si malalamiko. Nimekosea mimi. Nilitafsiri neno vibaya asubuhi, nataka shirika lile lipigiwe sasa hivi."

"Sawa. Nitaliandika, watapata barua pepe kesho."

"Kesho huenda watu hao wakawa wamekufa," alisema Wanjugu. "Kuna mtoto mdogo. Naomba uniunganishe. Ukitaka unifukuze kazi, nifukuze, lakini niunganishe kwanza."

Binti akasema subiri, na kinanda kikarudi. Wanjugu alijikuta anaomba kwa Kikuyu, lugha ambayo hakuna mtu aliyewahi kumlipa ili aiseme. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema; kidole unakifunga kitambaa.

"Douglas hapa."

"Mimi ni mkalimani wa asubuhi, wa Mama Généreuse wa Villawood. Kuna kosa." Alijikaza asiseme haraka. "Kile nilichotafsiri kuwa hita, si hita. Ni jiko la makaa. Anawasha makaa ndani, anafunga mlango na madirisha, anakaa na mtoto mpaka wanalala. Na aliposema haili umeme hata kidogo, alimaanisha hata kidogo."

"Nilimpongeza," alisema Douglas polepole. "Nilimwambia vizuri sana kwa kufunga madirisha."

"Usikate simu," aliongeza Douglas, sauti yake sasa imebadilika. "Nampigia, tubaki watatu."

Simu iliita Villawood, ikaita, ikanyamaza. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Wanjugu aliegemeza paji la uso kwenye kioo cha mlango, kioo baridi, akatazama jua likigusa paa la ghala la mbele. Aliwaona bwana na bibi harusi wa Kinangop, akalazimisha macho yatazame magari.

"Napiga tena mara moja tu, halafu naita gari la wagonjwa," alisema Douglas.

Ikaita. Ikapokewa. Upepo ulivuma kwenye simu, na treni ikasikika ikipita karibu.

"Allô?"

Douglas alijitambulisha, Wanjugu akatafsiri.

"Ah, baba, samahani!" alisema Mama Généreuse, anahema. "Niko inje, kwa balcony. Napepea mbabula. Niliiacha simu ndani, Ornella ndiye ameniletea."

"Napepea jiko la makaa, hapa nje kwenye roshani," Wanjugu alimwambia Douglas, na safari hii kila neno alilishika kwa mikono miwili.

"Mwulize kama huwa analiacha huko nje."

"Hapana, baba, nangoja moshi iishe kwanza. Makala ikishakuwa nyekundu, moshi imetoka yote, haikohozi tena mutoto. Ndiyo naingiza."

Alikuwa anajitahidi. Hilo ndilo lililomchoma Wanjugu: bibi yule alikuwa anasimama kwenye baridi ile kila jioni, mgongo wake mbovu umeinama, ili mjukuu asivute moshi. Kisha anaingiza ndani kile kilicho kibaya zaidi.

"Mwambie asiliingize," alisema Douglas. "Mweleze kuhusu kaboni monoksidi."

Wanjugu akasema kile ambacho kwa miaka yote alikuwa amekikwepa. "Mkalimani anaomba ruhusa. Neno hilo mteja hatalielewa. Mkalimani angependa kulieleza kwa maneno mengine."

"Eleza, tafadhali. Eleza unavyojua."

"Mama," alisema Wanjugu, "moshi si adui mkubwa. Moshi unauona, unakukohoza, unaukimbia. Makaa yakishakuwa mekundu yanatoa hewa nyingine, haina rangi, haina harufu. Inamwua mtu akiwa amelala na hajui. Hicho kichwa chako cha asubuhi, na mtoto kulegea, ndiyo hiyo hewa."

Mama Généreuse akacheka kidogo, kicheko cha kumstahi mtu anayesema ovyo. "Dada, mimi ni wa Walungu, kule Kivu kwenye milima. Tuliota mbabula tangu nazaliwa. Hakuna aliyekufa kwetu."

Wanjugu alitafsiri. Kisha akaomba ruhusa tena, akapewa.

"Nyumba ya Walungu, mama, kati ya ukuta na bati kulikuwa na nini?"

"Nafasi tu. Upepo ulipita."

"Na chini ya mlango?"

"Hata panya alipita, tena mukubwa."

"Na hapo Villawood?"

Treni nyingine ikapita, ya upande wa pili. Ilipokwisha, Mama Généreuse alikuwa hacheki tena.

"Villawood hata sisimizi hapiti," alisema. "Niliweka nguo chini ya mulango." Akamgeukia mtoto. "Mungu wangu. Ornella, toka hapo, mama, kuja huku." Kisauti cha mtoto kikajibu kwa Kiingereza, sasa hivi, bibi.

Wanjugu aliyatafsiri yote, hata panya, hata sisimizi.

"Mwambie ayamwagie maji makaa," alisema Douglas. "Asiliingize tena kamwe."

"Nimeelewa, baba," alisema Mama Généreuse. Kisha akauliza, si kwa ubishi, kama mtu anayeuliza njia: "Sasa mimi na mutoto tutaota moto gani?"

Wanjugu aliligeuza swali hilo kwa Kiingereza kama lilivyo. Hakulilainisha, hakulipanga. Lilikaa hapo kwenye simu, kati yao watatu, na halikuwa na pa kwenda ila kwa Douglas.

"Asubuhi niliandika kwamba shida yako si ya dharura," alisema Douglas. "Nimelifuta. Hapa stoo tuna hita ya umeme yenye mafuta ndani, mpya, ile ya kusukuma yenye magurudumu. Nitakuletea mwenyewe sasa, Villawood ni njiani kwangu. Vocha ya umeme naisaini kabla sijatoka, kwa hiyo iwashe usiogope. Na nawapigia simu wauguzi waje wawaangalie jioni hii hii, wewe na mtoto. Si Jumatano. Leo."

Ilipotafsiriwa, Mama Généreuse alikwenda kuchota maji. Walisikia hatua zake, bomba likifunguka, kisha mlio mrefu wa maji juu ya makaa, tssss, na bibi akikohoa.

"Imekufa," alisema.

Wanjugu alifumba macho. Machozi yalimtoka, akayaacha, maana kwenye simu hayaonekani. Alidhani kazi imekwisha, akangoja Douglas aage.

"Na wewe unayesema Kiswahili," alisema Mama Généreuse. "Ni wewe yule wa asubuhi?"

"Mteja anamwuliza mkalimani kama ndiye wa asubuhi," Wanjugu alitafsiri.

"Mjibu," alisema Douglas.

"Ni mimi, mama."

"Unaitwa nani?"

"Wanjugu."

"Dada Wanjugu, asubuhi nilisema mbabula. Haukujua mbabula?"

"Sikujua."

"Sasa mbona haukuniuliza? Ningekuelezea. Ningekuelezea muzuri tu."

Hakukuwa na hasira katika sauti ile. Laiti ingekuwapo, Wanjugu angepata pa kujishikia. Mama Généreuse alikuwa anashangaa tu, anataka kujua. Kuuliza si ujinga. Wanjugu aliwafundisha wanawe maneno hayo, na aliyaandika kwa mkono wake kwenye daftari la darasa la Kiswahili la watoto wa kanisa.

"Niliona haya, mama," alisema.

"Kuna tatizo?" Douglas aliuliza kwa Kiingereza. "Mnaongea nini?"

Hapo Wanjugu angeweza kupona. Douglas hakujua hata neno moja la Kiswahili. Angemwambia wanaagana, na jambo lingekwisha. Lakini kinachosemwa kwenye simu hutafsiriwa chote, cha mteja, cha ofisa, na hata cha mkalimani kikitokea. Wanjugu akajipangusa uso kwa kiganja.

"Mteja ameuliza kwa nini asubuhi mkalimani hakumwuliza maana ya neno asilolijua," alisema. "Mkalimani amejibu kwamba..." Akasita. "Hapana. Nimejibu mimi. Nimejibu kwamba niliona haya."

"Umemwambia nini?" aliuliza Mama Généreuse, aliyesikia sauti ya Wanjugu ikivunjika.

Wanjugu akamtafsiria hilo nalo, neno kwa neno, hakuongeza wala hakupunguza.